Namba Tano kwenye Karatasi ya Mama

Hotuba kwa wazazi na walezi wa watoto wasioona mbali

Ndugu wazazi na walezi, walimu mlioacha shughuli zenu, na nyinyi watoto mliokimbilia viti vya mbele ili muone vizuri, asanteni kwa kuja.

Naomba nianze na karatasi. Mama mmoja aliingia chumbani kwangu na mwanawe wa miaka 8. Alipokaa tu, alifungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika namba tano, moja chini ya nyingine: 43, 52, 59, 67, 67. Kila namba ilikuwa asilimia ambayo tiba fulani ilipunguza kasi ya tatizo la kutoona mbali, na kando yake kulikuwa na jina la tiba hiyo. Zile 67 mbili alikuwa amezizungushia duara, na katikati yake kaweka alama ya kuuliza. Akaniambia, "Daktari, nimesoma hadi macho yangu mwenyewe yakauma. Niambie tu, kati ya hizi mbili nichukue ipi?"

Nilimheshimu sana mama yule, maana alikuwa amefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi. Namba zake zote tano zilikuwa za kweli, zimetoka kwenye tafiti nzuri. Hata hivyo karatasi ile haikuweza kumchagulia mwanawe tiba. Leo nataka kuwaeleza kwa nini, kwa sababu najua wengi wenu mna karatasi kama ile, kama haipo mkobani basi ipo kichwani.

Tuelewane kwanza tunatibu nini. Mtoto asiyeona mbali, hali ambayo wataalamu huiita maiopia, mara nyingi ana jicho lililorefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma. Picha ya kitu kilicho mbali inatua mbele ya retina, ile ngozi laini ya ndani inayopokea mwanga, badala ya kutua juu yake. Miwani ya kawaida inairudisha picha mahali pake. Mtoto anasoma ubao, mzazi anapumua, na wote tunadhani kazi imekwisha. Lakini jicho halijaambiwa lisimame. Mwaka ujao linarefuka tena, namba ya miwani inapanda, na tunabadilisha kioo. Jicho likirefuka kwa milimita moja, namba inapanda kwa takribani dayopta 2 na nusu; dayopta ndicho kipimo cha nguvu ya miwani. Milimita moja ni ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, na humo ndimo ugomvi wetu wote ulimo.

Retina haikui ikafuata urefu huo. Inavutwa. Chukueni kitambaa chepesi mkivute pande zote mbili mpaka mwanga upenye kati ya nyuzi; hivyo ndivyo retina ya jicho refu inavyokuwa ikitazamwa kwa darubini. Ndiyo maana mtu mwenye namba kubwa, akifika utu uzima, yuko kwenye hatari zaidi ya retina kubanduka, ya glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na ya kuharibika kwa ile sehemu ya katikati ya retina tunayotumia kusomea na kutambua nyuso za watu. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kila dayopta moja inayozuiliwa inapunguza hatari ya uharibifu huo wa katikati kwa takribani asilimia 40. Dayopta moja tu. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kupunguza kasi, hatuzungumzii unene wa vioo wala sura ya mtoto. Tunazungumza juu ya macho atakayokuwa nayo akiwa na miaka 60.

Mimi mwenyewe navaa mainasi 9, yaani miwani ya kutoona mbali ya dayopta 9. Nilipokuwa na miaka 9 niligundulika na mainasi 2, na aliyenipima akamshauri mama yangu nipewe miwani pungufu "ili macho yasizoee". Nilikaa darasani miaka miwili nikikunja macho, nikinakili kutoka kwa jirani, huku namba ikipanda. Simlaumu mama, alisikiliza aliyeaminika. Lakini naomba jambo hili lifie hapa leo, kwa sababu bado nalisikia kila wiki. Mwaka 2002 watafiti nchini Malaysia walichapisha matokeo ya watoto 94. Nusu walipewa miwani kamili, nusu wakapewa pungufu, wakafuatiliwa kwa miaka miwili. Waliopewa pungufu namba yao ilipanda kwa dayopta 1.00. Wenzao ilipanda kwa 0.77. Miwani pungufu haipumzishi jicho la mtoto. Mpeni miwani kamili.

Sasa turudi kwenye karatasi.

Ile 67 ya kwanza ilikuwa ya matone ya atropini ya asilimia 0.05. Inatoka kwenye utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2019. Watoto waliowekewa matone hayo namba yao ilipanda kwa 0.27 katika mwaka mmoja, na waliowekewa matone yasiyo na dawa ilipanda kwa 0.81. Ukipiga hesabu unapata 67. Ile 67 ya pili ilikuwa ya miwani yenye vijilenzi vidogo kwenye kioo, utafiti wa miaka miwili kutoka Wenzhou, China. Ukiwachukua watoto wote waliopewa miwani ile, punguzo lilikuwa asilimia 55. Ile 67 ni ya watoto walioivaa kwa saa 12 au zaidi kila siku. Mmeona? Namba ni moja, lakini ya kwanza inajibu swali la mwaka mmoja, na ya pili inajibu swali la mtoto ambaye miwani haimtoki usoni toka asubuhi mpaka usiku.

Tazameni na ile 52. Ni ya miwani nyingine ya vijilenzi, iliyojaribiwa Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2020. Watoto wa kundi la kulinganishia, waliovaa miwani ya kawaida, namba yao ilipanda kwa 0.85 katika miaka miwili. Kumbukeni wale wa matone yasiyo na dawa walipanda karibu kiasi hichohicho kwa mwaka mmoja. Mji ni mmoja, lakini watoto hawakuwa na mwendo mmoja. Utafiti wa matone uliwachukua wa kuanzia miaka 4, ambao tayari ilishajulikana namba zao zinakimbia. Ule wa miwani ulianza na wa miaka 8. Ukizipanga asilimia hizi kama matokeo ya mbio, unawapanga wakimbiaji waliokimbia viwanja tofauti, siku tofauti, kwa umbali tofauti.

Na 43 ile, ambayo mama aliiweka juu kabisa kama ndiyo dhaifu kuliko zote, haikupimwa hata kwa kipimo kimoja na zile 67. Ni ya lenzi ngumu za kuvaa usiku. Lenzi hizi zinabonyeza konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, taratibu wakati mtoto amelala, na asubuhi anazitoa na kuona bila miwani mchana kutwa. Kwa kuwa konea imebadilishwa umbo, namba ya miwani haituambii tena chochote kuhusu kukua kwa jicho. Watafiti walipima urefu wenyewe kwa milimita, wakakuta umepungua kukua kwa asilimia 43. Sasa ile atropini yenye 67 kwenye karatasi, ukiipima nayo kwa urefu wa jicho, inashuka hadi 51. Miwani yenye 52, kwa kipimo hichohicho cha urefu, inapanda hadi 62. Mama aliposikia hayo aliitazama karatasi yake kimya, kisha akaigeuza upande mweupe akaniomba kalamu. Pale ndipo mazungumzo yetu ya kweli yalipoanzia.

Swali lake jipya lilikuwa: "Basi nimwangalie nani, kama siangalii namba?"

Mwangalie mtoto. Kwanza umri wake. Mtoto aliyeanza kutoona mbali akiwa na miaka 7 ana njia ndefu mbele yake, na jicho lake linakimbia kuliko la aliyeanza akiwa na 13. Huyo wa miaka 7 sipendi kumsubiri "tuone kwanza itakuwaje". Kama wazazi wote wawili wanavaa miwani ya mbali, subira yangu inapungua zaidi. Kisha naangalia vidole vyake, usingizi wake, woga wake, na nani yuko naye nyumbani usiku.

Matone ya atropini yanatiwa usiku kabla ya kulala, tone moja kila jicho. Yanamfaa mtoto mdogo ambaye hawezi kushika lenzi, au anayevunja miwani kila mwezi. Anahitaji bado miwani yake ya kawaida, maana matone hayamwezeshi kuona mbali. Mboni inapanuka kidogo, jua likawa kali, na wengine maandishi ya karibu yanafifia, hasa dawa ikiwa na nguvu. Hapa niseme jambo ambalo watu wanalipita haraka: nguvu ya dawa. Kwa miaka mingi wengi wetu tuliandika ya asilimia 0.01, kwa sababu ilikuwa haina usumbufu. Mwaka 2023 utafiti wa Marekani kwa watoto 187 haukuona tofauti yoyote ya maana kati yake na matone matupu baada ya miaka miwili. Katika ule wa Hong Kong, 0.01 ilipunguza kukua kwa urefu kwa asilimia 12 tu. Kwa hiyo mkiandikiwa atropini, msitoke kabla ya kuuliza ni ya asilimia ngapi na kwa nini hiyo. Na msiiache ghafla siku mtoto akichoka. Watoto wa Singapore walioachishwa dawa kali baada ya miaka miwili, macho yao yaliruka mbele kwa kasi, yakala sehemu kubwa ya faida waliyoipata.

Miwani ya vijilenzi ndiyo ninayoanza nayo mara nyingi, na nasema hivyo waziwazi. Haigusi jicho. Katikati ya kioo pako wazi, mtoto anaona kama kawaida. Kuzunguka hapo kuna mamia ya vijilenzi ambavyo hamvioni mpaka muinue kioo dhidi ya taa. Vinaiweka picha ya pembeni mbele ya retina, wakati miwani ya kawaida inaweza kuiacha nyuma yake. Inaonekana jicho linaisoma picha iliyo nyuma kama amri ya kurefuka, na hii ya mbele kama amri ya kutulia. Lenzi laini za kuvaa mchana na kutupa jioni zinatumia wazo lilelile. Ndizo zilizokuwa na ile 59, baada ya miaka mitatu, kwa watoto walioanza wakiwa na miaka 8 hadi 12.

Lenzi za usiku ninazipenda kwa mtoto mwenye nidhamu na mzazi mwenye nidhamu zaidi. Mtoto anayeogelea au kucheza mpira anafurahi kuliko kawaida, na nimeona watoto waliolia kwa furaha asubuhi ya tatu. Lakini lenzi inalala juu ya konea usiku kucha, na konea ikipata maambukizi inaweza kubaki na kovu maisha yote. Kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013, watoto 10,000 wakizivaa kwa mwaka, takribani 14 watapata maambukizi hayo. Ni wachache, lakini sitaki wa kwenu awe mmoja wao, kwa hiyo nikianza na familia mpya nawakalisha karibu na karo la kunawia mikono. Mtoto anaosha mikono kwa sabuni, anaikausha mpaka katikati ya vidole, ndipo anaishika lenzi. Mara nyingi jaribio la kwanza lenzi inadondoka, na mkono wa mzazi unaenda wenyewe kwenye bomba. Naushika mkono ule. Maji ya bomba yasiguse lenzi kamwe, wala kisanduku chake, kwa sababu ndani yake anaweza kuwemo amiba anayeila konea. Mzazi akishindwa kuukumbuka mkono wake kwa wiki mbili za mazoezi, nampa mtoto tiba nyingine, na wala hakuna aibu.

Kuna na taa nyekundu, vile vifaa ambavyo mtoto anachungulia kwa dakika tatu mara mbili kwa siku. Tafiti za China zilionyesha kwamba vinapunguza kasi kweli. Lakini mwaka 2023 iliripotiwa habari ya binti wa miaka 12 aliyeharibika katikati ya retina ya macho yote mawili baada ya kukitumia kwa miezi mitano, na mamlaka za China zikavipandisha kwenye daraja la udhibiti mkali zaidi. Mimi sivitumii kwa watoto, na sitavitumia mpaka nijue retina yao iko salama.

Mtaniuliza kuhusu kucheza nje. Chezeni nje, kila mtoto, kila siku. Guangzhou, China, waliongeza dakika 40 za nje kwenye siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya 39.5 kwenye shule nyingine. Hiyo ni nguvu kubwa kwa kitu kisichohitaji daktari. Ila inamkinga zaidi mtoto ambaye bado anaona vizuri. Yule ambaye tayari haoni mbali, jua peke yake halitoshi kulisimamisha jicho lake. Mdogo wake ndiye atakayefaidi zaidi, kwa hiyo watoeni wote wawili.

Na kama mahali mlipo hakuna hata moja ya tiba hizi, au mfuko hauruhusu, mpeni mtoto miwani kamili ya kawaida, mtoeni nje, mrudisheni kupimwa. Msilale na lawama.

Nirudi kwa mama yule na mwanawe. Tulichagua miwani ya vijilenzi, kwa sababu mtoto alikuwa akiogopa matone kiasi cha kufumba macho kwa nguvu mpaka machozi yatoke, na baba yake hufanya kazi za usiku, hivyo lenzi za usiku zingekuwa mzigo wa mtu mmoja. Kabla hawajaondoka nilimpima urefu wa macho kwa mashine isiyogusa jicho. La kulia lilikuwa milimita 24.31. Mama aliandika kwenye ule upande mweupe wa karatasi, pamoja na tarehe. Nikamwambia hiyo ndiyo namba ya kuitunza, na ikiwezekana ipimwe kwa mashine ileile kila mara. Jicho la mtoto wa umri wake lisilo na shida nalo linakua, takribani sehemu moja ya kumi ya milimita kwa mwaka. Hatutafuti sifuri.

Miezi sita baadaye walirudi. 24.50. Milimita 0.19 kwa nusu mwaka, yaani jicho lilikuwa linakimbia kana kwamba hatujafanya kitu. Mama alikwisha kunja uso, yuko tayari kubadili tiba. Mimi nikaiangalia pua ya mtoto. Anayevaa miwani kutwa huwa na vishimo viwili vidogo, kimoja kila upande wa pua, ngozi imebonyea na kung'aa kidogo. Yeye pua yake ilikuwa laini kama ya mtu asiyemiliki miwani. Nilimuuliza taratibu, bila kumtazama mama. Akasema miwani inateleza akiinama kuandika, na akikimbia inaanguka, kwa hiyo huwa anaiweka ndani ya dawati. Hakuwa mkaidi. Fremu ilikuwa kubwa kwake, tuliichagua tukimpimia uso atakaokuwa nao mwakani. Kosa hilo lilikuwa langu, maana mimi ndiye niliyeipitisha.

Tulimpa fremu ndogo yenye mikono inayoshika nyuma ya masikio. Mwalimu wake aliombwa asimkaripie, amkumbushe tu. Sikuongeza dawa, nilitaka kwanza nijue miwani ingefanya nini ikivaliwa. Wapo watoto ambao wanavaa vizuri kabisa na jicho bado linakimbia. Hao ninawaongezea atropini juu ya miwani, au tunahamia tiba nyingine, na sisubiri mwaka wa pili ili niamini ninachokiona kwenye mashine.

Mara ya mwisho walipokuja, mama aliifungua tena ile karatasi. Imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Upande wa mbele zile namba tano bado zipo, na duara zake. Upande wa nyuma kuna safu ya tarehe na milimita: 24.31, 24.50, 24.57, 24.62. Mtoto alikaa mbele ya mashine, akaweka kidevu, na alipovua miwani ili apimwe, vile vishimo viwili vilikuwepo puani. Mama akaniomba kalamu.